Bei ya Kupimwa: Mhadhara juu ya Saratani ya Mlango wa Kizazi



Nimeombwa nizungumzie njia za bei nafuu za kupima saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake wa jamii maskini. Nitaanza kwa kuigombeza mada yenyewe. Bei nafuu kwa nani? Wizara ina hesabu zake, mfadhili ana zake, na mama anayetoka kijijini na mtoto mgongoni ana zake. Hesabu hizi tatu hazilingani. Katika vikao vingi nilivyohudhuria, ile ya tatu haisomwi kabisa. Leo nataka tuisome kwanza.

Ukubwa wa tatizo mnaujua, kwa hiyo nitaupitia haraka. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 waligundulika na ugonjwa huu duniani, na wapatao 350,000 walifariki. Katika kila vifo 100, 94 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa Tanzania makadirio ni wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka na vifo zaidi ya 6,000. Kwa Kenya, wagonjwa ni zaidi ya 5,000 na vifo zaidi ya 3,000. Hapa kwetu Tanzania ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote.

Kinachoumiza ni kwamba ugonjwa huu unatupa muda. Chanzo chake kinajulikana: ni virusi vya HPV, ambavyo Harald zur Hausen wa Ujerumani alianza kuvibaini ndani ya uvimbe wa saratani hii mwaka 1983, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Virusi hivi huenea kwa kujamiiana, na watu wengi sana huvipata wakati fulani wa maisha, wake kwa waume, wenye mwenendo wa kila namna. Mwili wa mwanamke kwa kawaida huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki, na hapo seli huanza kubadilika polepole. Kutoka mabadiliko hayo mpaka saratani kamili hupita miaka 10, 15, hata 20. Kwa mwanamke anayeishi na VVU safari hiyo ni fupi zaidi, na hatari yake ya kupata saratani hii ni takriban mara sita ya mwenzake asiye na VVU.

Nani anajua kwa hakika nini hutokea mabadiliko hayo yasipotibiwa? Tunajua kwa sababu ya jambo la aibu. Katika hospitali moja ya wanawake mjini Auckland, New Zealand, daktari aliyeitwa Herbert Green aliamini kwamba mabadiliko hayo hayana madhara, na kuanzia miaka ya 1960 akawafuatilia wanawake bila kuwapa tiba iliyostahili, wengi wao wasijue kwamba wamo kwenye utafiti. Tume ya Jaji Silvia Cartwright ilitoa ripoti yake mwaka 1988, na nchi nzima ikashtuka. Watafiti waliozipitia kumbukumbu hizo baadaye walikuta kwamba kati ya wanawake 100 wenye mabadiliko makali ambao hawakutibiwa ipasavyo, 31 hivi walipata saratani ndani ya miaka 30. Waliotibiwa ipasavyo hawakufika hata mmoja kati ya 100. Namba hizo mbili, 31 na chini ya 1, ndiyo sababu ya mimi kusimama hapa. Mengine yote ni maelezo ya jinsi ya kumtoa mwanamke kundi la kwanza na kumwingiza la pili.

Nchi tajiri zilifanya hivyo kwa kipimo cha Pap, kilichotokana na kazi ya George Papanicolaou, Mgiriki aliyehamia Marekani, aliyoichapisha pamoja na Herbert Traut mwaka 1941. Unakwangua seli kidogo, unazipaka kwenye kioo, mtaalamu anazitazama kwa hadubini. Kilipofuatwa kwa utaratibu, wanawake wakiitwa kila baada ya miaka kadhaa na kufuatiliwa wasipokuja, vifo vilishuka sana. Ila angalieni kinahitaji nini. Kinahitaji maabara, mtaalamu wa kusoma vioo, usafiri wa vioo, mfumo wa kurudisha majibu, anwani au simu ya mama, na mama mwenyewe kurudi mara ya pili, ya tatu, na tena baada ya miaka mitatu. Kiungo kimoja kikikatika, kipimo hakikufanyika, hata kama kwenye daftari kimeandikwa kwamba kimefanyika.

Ndipo ikaja siki. Nasema ikaja, lakini madaktari wa Ulaya walikuwa wakiipaka mlango wa kizazi tangu zamani, wakiutazama kwa kolposkopu, darubini aliyoibuni Hans Hinselmann huko Ujerumani mwaka 1925. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba siki ni kitu cha kubahatisha walichotengenezewa Waafrika. Kilichobadilika ni kuitoa darubini na kubakiza jicho, taa na muuguzi.

Kwa wale ambao hawajawahi kupimwa, na najua mpo wengi, nitaeleza bila kuficha. Mama anapanda kitandani, anafunikwa kanga. Muuguzi anaingiza spekulamu, kile kifaa cha kupanulia uke, taratibu. Kinakera, lakini mama akitulia hakimuumizi sana. Anasafisha mlango wa kizazi kwa pamba, anapaka siki yenye asidi ya asilimia 3 hadi 5, nguvu inayokaribia ile ya siki ya kachumbari, anasubiri dakika moja, anatazama. Asidi inagandisha protini, na seli zilizoanza kuharibika zina viini vikubwa vilivyojaa protini, kwa hiyo mahali hapo panageuka weupe wenye kingo zinazoonekana. Basi. Hakuna kinachokatwa, na hakuna kizazi kinachotolewa, kama inavyovumishwa kwenye foleni za kisimani. Jibu linapatikana kabla mama hajavaa viatu.

Je, jicho la muuguzi linaaminika? Wakunga wa Zimbabwe ndio waliotupa jibu la mapema barani kwetu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999. Kati ya wanawake 100 wenye tatizo, siki ilionyesha 77 hivi. Kipimo cha Pap katika mazingira yaleyale kilionyesha 44. Huo ndio ushindi wake. Upande wa pili, kati ya wanawake 100 wasio na tatizo, siki iliwashuku 36, Pap ikawashuku kama 9 tu. Yaani siki inapigia kelele wengi wasiostahili. Pia haiwafai sana wanawake waliokwisha koma hedhi, kwa sababu eneo linalotakiwa kutazamwa linakuwa limejivuta ndani. Na muuguzi aliyefundishwa miaka mitano iliyopita bila kusimamiwa tena, jicho lake linachakaa. Nayataja haya kwa sababu mtu anayeuza kipimo bila kutaja kasoro zake anawadharau wanaopimwa.

Twende India, maana huko ndiko siki ilikofanyiwa majaribio makubwa kuliko kwingine, na majaribio hayo yanafundisha jambo ambalo wengi wanalipita.

Mjini Mumbai, Dakta Surendra Shastri na wenzake wa Hospitali ya Tata Memorial walianza mwaka 1998 kuwafuatilia wanawake wapatao 150,000 wa mitaa ya mabanda. Waliopima hawakuwa madaktari wala hata wauguzi. Walikuwa wanawake waliofika sekondari ya kawaida tu, wakafundishwa wiki nne. Walipita mitaani, wakazungumza na wakwe na waume, na karibu wanawake 9 kati ya 10 wa kundi la kupimwa wakakubali. Baada ya miaka 12 vifo vya saratani hii vilikuwa vimepungua kwa asilimia 31 ikilinganishwa na kundi lililopewa elimu peke yake. Matokeo yalipotangazwa Chicago mwaka 2013, ukumbi ulisisimka, na magazeti ya dunia yakaandika juu ya siki.

Sasa sikilizeni jambo lililosemwa kwa sauti ndogo. Idadi ya waliopata saratani kamili katika makundi hayo mawili ilikaribiana sana. Vifo vilipungua, wagonjwa hawakupungua. Maana yake ni kwamba siki iliwagundua wanawake mapema, saratani ikiwa bado inatibika, lakini haikuizuia isitokee. Linganisheni na Wilaya ya Dindigul, kusini mwa India, katika Jimbo la Tamil Nadu, ambako Dakta Sankaranarayanan na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 2007. Siki ileile, raundi moja tu ya kupima. Wagonjwa walipungua kwa asilimia 25 na vifo kwa asilimia 35. Kwa nini huko saratani yenyewe ilipungua? Sababu zinaweza kuwa nyingi, na majaribio hayo hayakufanana kila kitu. Lakini ipo moja ninayoiamini kuliko nyingine: Dindigul, wauguzi walewale waliopima ndio waliotibu, na pale ilipowezekana walitibu siku hiyohiyo. Mumbai, aliyeonekana na weupe alipewa rufaa kwenda hospitali kubwa kuchunguzwa zaidi, na si wote waliofika.

Lazima niseme pia kwamba majaribio haya yalizua ugomvi. Madaktari wengine waliuliza: ilikuwaje maelfu ya wanawake wawekwe kwenye kundi lisilopimwa kwa miaka yote hiyo, ilhali ilijulikana tangu zamani kwamba kupima kunaokoa maisha? Watafiti walijibu kwamba wanawake hao hawakuwa wakipimwa na mtu yeyote, jaribio liwepo lisiwepo. Jibu hilo ni kweli, na kwangu halitoshi. Umaskini wa mwanamke hauwezi kuwa kibali cha kumpa kidogo kuliko tunachojua kinamfaa. Tunayatumia matokeo yao, na deni kwa wanawake wale tunalo.

Karibu na sisi kuna Zambia. Kuanzia mwaka 2006, Dakta Groesbeck Parham na Dakta Mulindi Mwanahamuntu waliweka wauguzi kwenye kliniki za umma za Lusaka, wakiunganisha huduma hii na ile ya VVU. Muuguzi alipaka siki kisha akapiga picha ya mlango wa kizazi kwa kamera ya kawaida ya dijitali. Picha ikamsaidia kuomba ushauri wa daktari aliye mbali. Ikafanya na jambo jingine ambalo nalipenda zaidi: mama mwenyewe alionyeshwa. Mwanamke wa miaka 40 aliyezaa watoto sita anauona kwa mara ya kwanza mlango waliopitia wanawe, na anaelewa kwa nini anaambiwa atibiwe. Kufikia mwaka 2013 wanawake zaidi ya 100,000 walikuwa wamepimwa.

Turudi kwenye ile hesabu ya tatu. Mfikirieni mama wa kijiji kimoja cha Liwale, ndani kabisa ya Mkoa wa Lindi. Ana miaka 38, analima ufuta na ana mikorosho michache. Kipimo ni bure. Lakini kituo kinachopima hakipo kijijini kwake, na huduma inatolewa siku maalumu. Analipa bodaboda kwenda, bodaboda kurudi. Anapoteza siku ya shamba, na kama ni msimu wa korosho hiyo si siku ndogo. Anamwachia jirani watoto. Anamwomba ruhusa mume, au anamdanganya. Anafika, anaambiwa mhudumu aliyefundishwa amekwenda semina. Anarudi wiki nyingine, anapimwa, weupe unaonekana, anaambiwa tiba ipo hospitali ya mkoa kwa sababu mtungi wa gesi ya kutibia umeisha. Kipimo cha bure kimekwisha kumgharimu safari mbili na sasa kinamdai ya tatu, ndefu kuliko zote. Akiacha, tunaandika kwenye ripoti kwamba ametoroka ufuatiliaji. Mimi nasema sisi ndio tuliotoroka.

Na asipotibiwa, miaka ikapita, safari inayofuata ni ya mionzi. Kwa muda mrefu mionzi katika hospitali za umma Tanzania ilipatikana Ocean Road peke yake, Dar es Salaam, kabla ya Bugando, Mwanza, kuanza. Mionzi si ya siku moja. Ni wiki kadhaa mfululizo, ukikaa kwa ndugu kama unaye. Wengi wa wanawake wanaofika huko hufika wamechelewa, na ukiwauliza safari zao zilivyokuwa, utakuta zilianza na mlango fulani wa karibu uliokuwa umefungwa.

Ndiyo maana nasema bei ya siki yenyewe haina maana kubwa. Chupa ya siki ni rahisi, pamba ni rahisi. Ghali ni kumrudisha mwanamke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Sue Goldie na wenzake, ukitumia takwimu za nchi tano, Kenya ikiwemo, ulikadiria kwamba kumpima mwanamke mara moja tu maishani, akiwa na miaka 35, kwa mpango unaokamilika kwa safari moja au mbili, kunapunguza hatari yake ya saratani hii kwa asilimia 25 hadi 36. Mara moja tu! Lakini mpango lazima ukamilike.

Kukamilika kunahitaji tiba iwe chumba kilekile. Kwa miaka mingi tulitegemea tiba mgando, yaani kuligandisha eneo lenye weupe kwa gesi baridi. Ni tiba nzuri na inafanywa na muuguzi. Tatizo ni mtungi: mzito, unajazwa mjini, na ukiisha hakuna anayejua bajeti ya kuujaza ni ya nani. Kuna kifaa kipya zaidi kinachotibu kwa joto, kidogo cha kushika mkononi, kinachotumia betri, kazi yake ikichukua dakika moja au mbili. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kukitumia mwaka 2019. Kama ningepewa fedha za halmashauri niamue, ningenunua vifaa hivi kabla ya kununua bango lolote la uhamasishaji. Kuhamasisha wanawake waje kupimwa mahali pasipo na tiba ni kuwatesa.

Halafu kuna jambo la nyumbani ambalo miongozo hulitaja kwa mstari mmoja. Baada ya tiba, mwanamke hutokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na anatakiwa asijamiiane kwa mwezi hivi, au kondomu itumike. Mnaijua nyumba ambamo mke anaweza kutangaza hivyo bila kuulizwa maswali? Wapo wanaokataa tiba kwa sababu hiyo tu, na hawatamwambia muuguzi kwamba ndiyo sababu. Wanaume mliopo, hapo ndipo kazi yenu ilipo. Hatuwaombi mje kushika taa. Mkeo akirudi na karatasi hiyo, isome, mpe mwezi wake, wala usianze kuuliza alivipata wapi virusi. Inawezekana kabisa vilitoka kwako, inawezekana vilikuwapo kabla hamjaoana, na hakuna kipimo kitakachowaamulia.

Sasa siki inapitwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV kiwe cha kwanza popote kinapowezekana. Sababu mojawapo ilitoka India hukohuko, Wilaya ya Osmanabad, ambako raundi moja ya kipimo hicho ilipunguza vifo kwa karibu nusu, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, huku siki katika jaribio hilohilo ikishindwa kuonyesha upungufu wa maana. Uzuri wake mwingine ni kwamba mama anaweza kuchukua sampuli mwenyewe, kwa kijiti chenye pamba, faraghani, bila spekulamu na bila macho ya mtu. Na zile mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu kwenye hospitali zetu nyingi zinaweza kupima HPV pia.

Nakiunga mkono, kwa sharti moja. Kipimo cha maabara kinaturudisha kwenye shida ya Pap: majibu yatatoka baadaye. Mashine hutoa jibu kwa muda wa saa moja hivi, lakini sampuli hukaa foleni nyuma ya makohozi, vitendanishi huisha, na mama ameshapanda bodaboda. Palipo na mashine, mtandao wa simu na mhudumu wa jamii anayemjua mama kwa jina, tuhamie huko haraka. Pasipokuwa na hayo, siki isiondolewe mezani kwa ahadi ya mashine itakayokuja. Nimeona ahadi nyingi zikizeeka.

Chanjo sitaizungumzia kirefu, ina mhadhara wake. Itoshe kusema Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019, na Rwanda iliwatangulia wote barani mwaka 2011. Utafiti uliofanyika Kenya, ambao Dakta Nelly Mugo alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ulionyesha kwamba dozi moja inakinga vizuri sana, na Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024. Mabinti wapelekwe. Ila chanjo ya binti haimtibu mama yake, na mama ndiye anayeugua leo.

Lengo la dunia ni kwamba ifikapo mwaka 2030, wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa kwa kipimo bora wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na 90 kati ya kila 100 waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Lengo hilo la pili ndilo la kulishikia bango, kwa sababu la kwanza bila la pili ni takwimu tupu.

Kwa hiyo mkitoka hapa nawaomba mfanye mambo mawili. Mlio na diwani, muulizeni kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa: kituo chetu cha afya kina kifaa cha kutibu, kinafanya kazi, na lini mara ya mwisho mama alitibiwa siku aliyopimwa? Jibu liandikwe kwenye muhtasari. Na wewe mwanamke uliyefikisha miaka 30 hujawahi kupimwa, nenda hata kama huumwi popote, kwa sababu wakati wa kuzuia hakuna maumivu. Kama unaishi na VVU usisubiri 30, anza ukiwa na 25, na mwambie mhudumu wa CTC, kliniki yako ya VVU, akupangie siku. Ukianza kutokwa na damu baada ya tendo, au damu kurudi baada ya kukoma hedhi, hiyo si ya kusubiri kampeni: nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Karibuni maswali, na wanaume waanze.